Usiuze kabla ya kuhesabu: namna ya kubeba gharama za maradhi mazito Unguja na Pemba

Chukua mgonjwa wa saratani wa Wete, Pemba, aliyeandikiwa kemo, yaani dawa za kuua saratani, mizunguko 6 Dar es Salaam, mmoja kila baada ya siku 21. Yeye na mwenye kumuuguza ni watu 2. Bandari ya Mkoani, Pemba, hadi ya Malindi, Unguja, ni tiketi moja kwa kila mtu, Malindi hadi Dar nyengine, na kurudi vivyo hivyo. Mizunguko 6, mara vipande 4 vya safari, mara watu 2: tiketi 48. Hapo bado hujaweka gari ya kutoka Wete hadi Mkoani, bajaji za Dar, wala sahani moja ya wali.

Matibabu ya serikali Zanzibar yalitangazwa kuwa bure baada ya Mapinduzi ya 1964. Lakini hata pale dawa inapotolewa bila ya malipo, tiketi zile 48 zinabaki kwa nyumba yenyewe. Na nyumba yenye khofu hufanya jambo moja haraka sana: huuza. Kiwanja kinaondoka wiki ya kwanza, kwa bei ya mwenye shida, kabla hajapatikana hata mtu mmoja wa kusema safari ni ngapi. Pesa ile huishia kwenye vipimo vilivyorudiwa na safari zilizopotea bure, na dawa inapofika mzunguko wa nne hakuna tena cha kuuza. Matibabu yaliyokatishwa njiani yamekula pesa yote ya mwanzo na mgonjwa hakupata faida yake. Kwa hiyo mpangilio tunaoushauri hapa ni huu: kwanza idadi, kisha karatasi, kisha haki na misamaha, kisha michango, na mali iuzwe mwisho, kwa utaratibu.

Pata idadi kabla ya bei

Nunua daftari moja gumu. Ukurasa wa kwanza uandike majibu ya daktari, na kama daktari ana haraka, muulize muuguzi wa kliniki. Mara nyingi yeye ndiye anayezijua tarehe vizuri zaidi. Maswali yenyewe:

Ugonjwa unaitwaje, na umefika hatua gani? Dawa hii lengo lake ni kuponya, kuurudisha nyuma, au kupunguza maumivu? Ni mizunguko au vikao vingapi, na kila baada ya siku ngapi? Kipi kinaweza kufanyika Unguja au Pemba, na kipi lazima Bara? Vipimo gani vitarudiwa kila mara? Kuna dawa yoyote ambayo tutatakiwa tuinunue nje ya hospitali?

Swali la lengo la dawa watu huliogopa. Liulizwe kwa upole, na mgonjwa mwenyewe awepo akipenda, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama familia ijipange kwa miezi 6 au kwa miaka.

Ili usikae mbele ya daktari hujui uulize nini, haya ndiyo makadirio ya kawaida. Mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, kidogo kidogo. Kwa saratani ya shingo ya kizazi mara nyingi ni vikao 25, yaani wiki 5, na baadaye mionzi ya ndani. Kwa titi ni kati ya vikao 15 na 25. Ukifika Jumapili na ukaondoka Jumamosi ya wiki ya tano, umelala Dar usiku 34. Watu 2, milo 3 kwa siku, ni milo 204. Chumba na chakula cha wiki 5 ni mzigo mkubwa kuliko boti, na ndicho familia nyingi husahau kukiandika.

Kusafisha damu kwa mashine, kwa mgonjwa ambaye figo zimeshindwa kabisa, huwa mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Kwa mwaka ni mara 156. Mgonjwa wa Makunduchi au Nungwi anayekwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini Unguja, kwa daladala amepanda gari mara 312 kwa mwaka, na akiwa na mtu wa kumsindikiza ni nauli 624. Weka hesabu hiyo pembeni ya kodi ya chumba mjini, au ya kumchangia unga na umeme jamaa wa Kikwajuni au Mwembeladu atakayempokea. Mara nyingi kuhamia mjini ndiko rahisi, na mgonjwa hachoki njiani.

Kidonge cha tamoksifeni cha miligramu 20, anachomeza mgonjwa wa titi mara moja kwa siku kwa miaka 5, ni vidonge 1,825. Kwa bei ya kidonge kimoja hutishiki. Kwa miaka 5 ni jambo la kupangiwa mtu: nani katika familia atabeba dawa hiyo kila mwezi, kwa jina.

Bahasha ya plastiki

Vipimo hurudiwa kwa sababu karatasi zimepotea, zimelowa botini, au jina halifanani. Karatasi zote zikae kwenye bahasha moja ya plastiki yenye kufungika, na kila moja ipigwe picha kwa simu, na picha zitumwe kwa mtu mwengine wa familia. Ndani ya bahasha:

– Kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na kadi ya bima kama ipo.
– Barua ya rufaa yenye saini na muhuri.
– Majibu ya kinyama, yaani kipande kilichokatwa mwilini kwenda kupimwa. Ulizia pia kile kipande chenyewe kilichohifadhiwa kwenye nta na vioo vyake, kwa sababu hospitali ya saratani huenda ikataka kukisoma upya. Wakikosa, mgonjwa hukatwa tena.
– Diski ya sitiskani au MRI. Karatasi ya maelezo peke yake haitoshi. Daktari wa upasuaji na wa mionzi wanataka kuziona picha zenyewe.
– Orodha ya dawa anazotumia, pamoja na za sukari na presha.
– Risiti zote, hata ya shilingi 2,000.

Jina ni jambo la kuangaliwa kwa karibu. Kwenye kitambulisho ameandikwa Khamis, kwenye kadi ya hospitali Hamisi, kwenye rufaa Hamis. Au Salum na Salim, Mwanaisha na Mwanaasha. Kwa mtu wa mtaani ni mtu yule yule. Kwenye kompyuta ya bima ni watu watatu, na kadi inakataliwa dirishani huku foleni ikisonga. Siku ya kwanza kabisa ya kuandikishwa, kabla ya kipimo chochote, simama na kitambulisho mkononi na umuoneshe mwandishi herufi moja moja, majina yote matatu. Kosa likigunduliwa baada ya majibu kutoka, utahangaika kulirekebisha sehemu tatu tofauti.

Rufaa, bima na msamaha

Mgonjwa akienda Dar bila ya rufaa anaingia kama mtu yeyote aliyekuja mwenyewe, analipa kila kitu, na aghalabu anaanza vipimo upya. Njia iliyonyooka ni hospitali ya wilaya au ya mkoa, kisha Mnazi Mmoja, na kwa mgonjwa wa kusafirishwa nje ya Zanzibar ni bodi ya madaktari. Wa Pemba huanzia Chake Chake, Wete au Abdulla Mzee, Mkoani. Foleni ya rufaa inachosha, tunalijua hilo, lakini barua hiyo ndiyo mlango wa kila msaada unaokuja baada yake. Ukiambiwa usubiri, omba tarehe, na uandike jina la ofisi uliyoambiwa uende.

Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ambao watu wameuzoea kwa herufi za ZHSF, uliundwa kwa sheria ya 2023 na ukaanza na watumishi wa umma. Waliomo kwenye taasisi za Muungano wengi wana kadi ya NHIF, mfuko wa bima ya afya wa Bara. Hizi ni kadi mbili tofauti na moja haifungui mlango wa nyengine. Kabla ya safari, piga simu au nenda ofisini uulize mambo manne tu: hospitali tunayokwenda inaipokea kadi hii? Dawa hii, kwa jina lake, imo? Kuna kibali cha kuombwa mapema? Na mgonjwa ni mke, mzee au mtoto wa mwanachama, ameshaandikishwa? Hilo la mwisho huangusha wengi. Baba anakatwa mshahara kila mwezi, na mama mgonjwa hakuwahi kuandikishwa.

Asiye na bima wala uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Muhimbili na Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, zote zinayo. Aende kabla ya kulipa, kwa sababu msamaha hupunguza bili iliyoko mbele, na pesa iliyokwishaingia ni taabu sana kuitoa. Achukue barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wake. Barua nyingi za masheha huandikwa kwa mstari mmoja, kwamba fulani ni mkaazi wa shehia hii na hana uwezo, na afisa wa ustawi hana cha kushika. Muombe sheha, kwa heshima yake, aandike: watu wangapi wanategemea nyumba hiyo, nani anafanya kazi na kazi gani, mgonjwa alikuwa akifanya nini kabla ya kuugua, na familia imeshatumia kiasi gani mpaka sasa. Risiti zile za kwenye bahasha ndizo zinazothibitisha maneno hayo.

Mzee wa miaka 70 na zaidi ana Pensheni Jamii. Akiwa kitandani haki yake haipotei. Sheha atakuelekezeni utaratibu wa kumchagulia mtu wa kumpokelea.

Mgonjwa aliyekuwa ameajiriwa, iwe hoteli ya Paje au duka la mjini, asiache kazi kwa mdomo. Apeleke cheti cha daktari, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kisha aangalie ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, kama michango yake imefika na kama ana haki ya mafao ya kutojiweza. Aliyesema "nimeacha" amejifungia mlango mwenyewe.

Safari isipotee bure

Hapa ndipo pesa nyingi zinapovuja, na ndipo zinapookolewa kwa urahisi zaidi.

Kabla ya kila mzunguko wa kemo, damu hupimwa. Chembe nyeupe zikiwa chini, au figo zikiwa zimechoka, dawa haitolewi na mgonjwa huambiwa arudi baada ya wiki. Kwa mtu wa Sinza, Dar, ni nauli ya daladala. Kwa mtu wa Micheweni, Pemba, ni tiketi 8 na usiku 3 za nyumba ya wageni. Kwa hiyo muulize daktari wako wa Dar mapema: "Nikipima damu Pemba siku 2 au 3 kabla na nikatuma majibu, mtayakubali?" Akikubali, mwambie aandike kwenye faili ni vipimo gani. Pima, piga picha majibu, mtumie muuguzi wa kliniki, na tiketi ya boti ikatwe baada ya kupata jibu. Uliza pia kama mzunguko wa kemo unaweza kutolewa Mnazi Mmoja, Dar ikabaki kwa mionzi na mapitio. Dawa ni ile ile, na safari zinapungua.

Panga siku moja ya akiba. Wakati wa Kusi, khasa Julai na Agosti, bahari huchafuka na boti huweza kusitishwa. Anayefika asubuhi ya siku ya miadi hana nafasi ya kuchelewa. Mgonjwa akae chini, katikati ya boti au nyuma, pasiporuka sana, na ameze dawa ya kichefuchefu aliyopewa na daktari kabla ya kuondoka. Mwenye kutapika dawa ya kumeza amepoteza dozi.

Ocean Road haiko mbali na bandari ya boti, na bajaji ya hapo isikutoe pesa ya kwenda Mbagala. Ukiwa unafikia kwa jamaa, angalia njia kabla ya ukaribu wa damu. Aliye Magomeni au Kimara anapanda mwendokasi hadi Kivukoni. Aliye mbali, ambako magari mawili na foleni vinakula saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, kila siku kwa wiki 5, anaweza kumchosha mgonjwa wa mionzi hadi akakataa kuendelea. Na jamaa anayekupokea, hata akikataa kwa maneno, mpelekee mchele na mafuta kila wiki. Makaribisho ya wiki 5 yanavunjika kimya kimya, na mgonjwa ndiye wa mwanzo kuhisi.

Siku ya kupangiwa mionzi, mafundi humlaza mgonjwa, wakampima na kumchora alama za wino kwenye ngozi. Ni mistari na misalaba midogo, na mashine hulengwa kwayo kila siku. Mtu wa kwetu akitoka hospitali kitu cha kwanza ni kukoga na kujipaka mafuta ya nazi. Usifanye hivyo sehemu hiyo. Mwaga maji baridi taratibu, usisugue, usipake mafuta wala liwa, na kausha kwa kugusagusa na kanga laini. Alama zikifutika huenda upimaji ukarudiwa, nayo ni siku nyengine za chumba na chakula. Uliza pia kati ya siku ya kuchorwa na siku ya kuanza kuna muda gani. Ikiwa ni wiki 2, huenda ni nafuu kusubiri nyumbani kuliko kusubiri Kariakoo.

Nunua kipima joto. Mgonjwa wa kemo mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura, hata kama anasema anajisikia vizuri, kwa sababu mwili hauna askari wa kupigana na maambukizi. Apelekwe hospitali iliyo karibu saa ile ile, Chake Chake au Mkoani ikiwa yuko Pemba, na waambiwe neno la kwanza: "Yuko kwenye kemo." Kusubiri boti ya kesho kumpeleka kwa daktari wake kunaweza kumgharimu maisha.

Mgonjwa wa figo naye ana mtego wake, na uko juu ya mnazi. Madafu yana potasiamu nyingi, na kwa figo zilizoshindwa potasiamu ikizidi huweza kusimamisha moyo. Jamaa anakuja kumjulia hali na madafu mawili kwa mapenzi yake, na usiku mgonjwa anakimbizwa. Waambieni wageni mapema. Ndizi vilevile, na juisi ya birimbi nayo ni khatari kwa figo. Na asiruke kikao cha kusafisha damu ili kuokoa pesa. Kuruka viwili kunaweza kumrudisha kwa dharura, na dharura hulipiwa zaidi.

Dawa za kununua

Mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni. Dawa ile ile hutoka viwandani mbalimbali kwa bei zinazopishana mbali, na mfamasia akiandikiwa jina la kampuni hukupa hiyo hiyo. Uliza maduka matatu, ukitaja jina, nguvu ya dawa kwa miligramu, na idadi ya vidonge. Ukiomba "dozi nzima" bila ya idadi huwezi kulinganisha bei. Angalia tarehe ya kuisha na uchukue risiti. Kwa dawa ya muda mrefu, omba cheti cha miezi 3 ili usipande gari kila mwezi kwa ajili ya karatasi.

Dawa ikikosekana pesa, usigawe kidonge nusu ili kifike mwisho wa mwezi. Mwambie daktari waziwazi kwamba umeshindwa. Mara nyingi ipo dawa nyengine ya bei ndogo, lakini hawezi kukubadilishia kama unaona haya kusema. Na mwenye kuja nyumbani na chupa ya "kusafisha figo" au "kuyeyusha uvimbe" kwa bei ya kondoo wawili, fungeni mlango kwa adabu. Pesa hiyo ni tiketi.

Damu ya kuongezewa haiuzwi. Benki ya damu huomba jamaa wajitolee ili akiba isiishe, na hilo ni jema, lakini mtu akikutaka pesa ya chupa ya damu, muulize risiti na umpeleke kwa msimamizi wa wodi.

Michango yenye hesabu

Watu wa visiwani wanachangia. Wanachoka pale wanaposikia "tusaidianeni" mara ya tano bila ya kujua ya nne ilikwenda wapi. Mchango mzuri una watu wawili: msemaji anayezungumza na jamaa, na mweka hazina anayeshika pesa. Wasiwe mtu mmoja, na mwenye kuuguza asiwe yeyote kati yao. Ana kazi ya kutosha. Ujumbe uwe hivi:

"Assalamu alaykum ndugu na jamaa. Mama yetu wa Kiuyu anaendelea na kemo Dar. Imebaki mizunguko 4. Kila safari ya watu 2 ni tiketi 8, malazi ya usiku 3 na chakula. Safari moja inahitaji shilingi kadhaa, tulichonacho ni kadhaa, kilichopungua ni kadhaa. Safari ijayo ni tarehe kadhaa. Mchango upelekwe namba hii moja tu, na jina litakalotokea ni la fulani. Hesabu tutaileta hapa baada ya kila safari, inshaallah."

Omba safari moja moja. Anayeombwa jumla ya mwaka mzima huona mchango wake wa 10,000 ni tone baharini na hukaa kimya. Anayeambiwa safari ya Alkhamisi imepungukiwa na tiketi 2 hununua tiketi. Asiye na pesa mpe kazi: kulala na watoto, kuchuma karafuu za mgonjwa, kumfulia. Picha ya mgonjwa akiwa nusu uchi au yenye kidonda isitumwe. Huyo mtu ana sitara yake, na picha ile ndiyo matapeli wanayoichukua na kuweka namba yao.

Zaka ni haki, na mgonjwa asione haya kuiomba. Aya ya 60 ya Sura At-Tawba imetaja mafungu 8, na ndani yake wamo mafukara, masikini na wenye madeni. Familia iliyokopa kwa ajili ya matibabu imo. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hupokea na kugawa zaka, na matajiri wengi hutoa zao Ramadhani. Anayeanza kuhangaikia barua ya sheha na ya hospitali Ramadhani mosi amechelewa. Karatasi ziwe tayari Shaabani.

Ikibidi kuuza

Anza na kinachoweza kuuzwa kidogo kidogo. Dhahabu ni hivyo; kiwanja sivyo. Dhahabu ya mahari ni mali ya mke, na haiuzwi mpaka yeye aridhie kwa kinywa chake, hata kama mgonjwa ni mume.

Ukienda kwa sonara, jua hesabu kabla ya kuingia. Karati 24 ndiyo dhahabu tupu. Ya karati 21 ina asilimia 87.5, ya 18 ina asilimia 75. Bangili 4 za karati 21, kila moja gramu 10, ni gramu 40 mkononi na gramu 35 za dhahabu. Uliza bei ya gramu moja ya karati yako, usiulize "utanipa ngapi kwa hizi zote". Angalia mizani ikianzia sifuri, na kama kuna vito uzito wake utatolewa. Pesa ya ufundi uliyolipa siku ya kununua hairudi, hilo lisikuudhi. Pita kwa masonara watatu asubuhi moja, kwa sababu bei ya jana si ya leo. Kisha uza bangili moja, ya safari moja. Zilizobaki zinahifadhika kuliko noti, maana noti nyumbani mwa mgonjwa zina wenyewe wengi.

Pemba watu huuza karafuu zikiwa bado juu ya mti. Mnunuzi anabeba khatari ya mavuno, na hujilipa khatari hiyo kwa kukupa kidogo sana. Kama msimu uko miezi 2 mbele, jaribu kwanza karadha isiyo na ziada kwa jamaa au kikundi, ukaahidi kulipa baada ya kuuza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Ukilazimika, uza mikarafuu michache iliyohesabiwa, kwa maandishi, msimu mmoja tu. Shamba la eka tatu, lile watu walilopewa na serikali baada ya Mapinduzi, lilitolewa kwa matumizi, halikutolewa liuzwe. Anayekupa pesa chapchap juu yake atakuja na kesi, au watoto wako watakuwa nayo.

Mgonjwa mahututi akiuza shamba kwa mtoto mmoja kwa bei ya kutupa, warithi wengine wanaweza kulipinga baadaye. Katika sheria ya Kiislamu, anachokitoa mtu katika maradhi ya mauti huchukuliwa kama wasia, na wasia hauvuki thuluthi wala haupewi mrithi bila ya wenzake kuridhia. Uuzaji uwe kwa bei ya soko, mbele ya mashahidi wasiorithi, na pesa ionekane kwenye daftari.

Mkopo wa kausha damu tunauogopa kuliko yote. Chukua 200,000 kwa ziada ya asilimia 20 kwa mwezi: unatoa 40,000 kila mwezi, baada ya miezi 6 umetoa 240,000, na deni la 200,000 liko pale pale. Ni riba, na pia inakwenda pamoja na mgonjwa hadi kaburini.

Maumivu, na daftari

Ikifika siku daktari anasema dawa za kuponya zimekwisha, msikimbilie kuuza kilichobaki kwa safari ya mwisho ya India kwa sababu ya maneno ya watu. Muulizeni tena lile swali la lengo. Ikiwa jibu ni kutuliza, ombeni huduma ya kutuliza maumivu kwa jina hilo. Ocean Road hutengeneza mofini ya maji ya kunywa, dawa ya bei ndogo inayofanya kazi kubwa. Hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, bila ya kusubiri maumivu yarudi. Hufunga choo, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha siku hiyo hiyo. Mgonjwa aliyetulia, nyumbani kwake, mlango ukiwa wazi kwa upepo na watu wake wamemzunguka, hakunyimwa kitu.

Daftari liendelee hadi siku hiyo. Kila deni liandikwe jina la mwenye kudai, kiasi, tarehe na shahidi, na mgonjwa alisikilize likisomwa akiwa na akili zake, akiri au asahihishe. Madeni hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi. Liwekwe mahali ambapo watu wawili wanapajua, ndani ya ile bahasha ya plastiki, pamoja na risiti zake.